Theluji, Barafu na Jalidi: Majina ya Maji Yaliyoganda katika Utabiri wa Hali ya Hewa

Makala haya yametokana na swali nililoulizwa nyumbani kwetu Chepseon, kwenye barabara itokayo Kericho kwenda Londiani, asubuhi moja ya mwezi wa Januari. Mzee mmoja jirani yetu, mwenye shamba la chai lisilozidi ekari mbili, alikuwa amesikia redioni adhuhuri ya siku iliyotangulia kwamba "barafu" ilitarajiwa katika baadhi ya sehemu za nyanda za juu magharibi mwa Bonde la Ufa. Aliposikia hivyo alitoka nje kutazama mawingu. Hapakuwa na wingu hata moja. Akahukumu kwamba mtangazaji amekosea, akayaacha majani yaliyokomaa ya upande wa bondeni yangoje zamu yake ya kuchumwa. Kulipokucha, majani hayo yalikuwa na weupe mwembamba mfano wa chumvi iliyonyunyizwa, na ilipofika saa nne, jua lilipokwisha kuyapiga, yaligeuka rangi ya kahawia kana kwamba yamepitishwa motoni. "Mwalimu," aliniuliza, "hiyo barafu ilianguka kutoka wapi?"

Jibu lake ni jepesi: haikuanguka. Iliganda pale pale juu ya jani, na iliweza kuganda kwa sababu hapakuwa na wingu la kuzuia joto la ardhi lisipotee angani usiku. Mbingu safi aliyoichukua mzee kuwa ushahidi wa uongo wa mtangazaji ndiyo iliyokuwa dalili ya ukweli wake. Mtangazaji hakukosea hali ya hewa, alikosea neno. Na kwa kuwa kosa ni la neno, lawama yake haimwelekei mtaalamu wa hewa peke yake. Inatuelekea sisi tunaojiita watu wa lugha.

Hoja ninayokusudia kuitetea hapa ni kwamba Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya kutaja maji yaliyoganda. Kilichopungua ni mapatano juu ya kazi ya kila neno. Na mapatano hayo hayatapatikana kwa kupekua kamusi tu, bila kuuliza msikilizaji anatakiwa atende nini akishalisikia neno hilo.

Tuanze na asili ya maneno yenyewe, maana ina mafunzo. Theluji ni Kiarabu, thalj, na katika Kiarabu neno hilo huweza kubeba theluji na barafu kwa pamoja. Barafu chanzo chake ni Kiajemi, barf, na la kushangaza ni kwamba kwa Waajemi barf si barafu: ni theluji. Barafu wao huiita yakh. Yamkini neno hili lilitufikia kwa kupitia Bara Hindi, ambako baraf hutumika kwa vyote viwili. Kwa hiyo Waswahili walipokea maneno mawili ambayo kila moja, huko lilikotoka, lilitosha kutaja theluji, wakayagawia kazi. Moja likapewa kile kiangukacho chepesi na cheupe, la pili likapewa maji yaliyokuwa kitu kigumu. Mgawanyo huu haukukopwa mahali popote. Ni kazi ya Waswahili wenyewe, na ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wale wanaodhani kwamba lugha inayokopa neno hukopa na maana yake nzima.

Lakini mgawanyo haukukamilika. Wapandao Kilimanjaro kwa njia ya Machame hulala katika kambi iitwayo Barafu, nao watu hao hao huzungumzia theluji ya Kilimanjaro wakiwa na maana ya kitu kile kile kilicho juu ya kambi. Kwa kweli vitu hivyo ni viwili: theluji huanguka na kuyeyuka au kurundikana, na rundo hilo likishindiliwa kwa miaka mingi huwa mto wa barafu. Kinachopungua juu ya Kilimanjaro, ambacho eneo lake lilipungua kwa asilimia 85 hivi kati ya mwaka 1912 na 2011, ni barafu. Theluji bado huanguka kule. Mtu anayesema "theluji ya Kilimanjaro inakwisha" atapingwa na mpagazi aliyefagia theluji mpya kwenye hema lake asubuhi hiyo, na wote wawili watakuwa wanasema kweli.

Inafaa pia kukumbuka habari ya Johannes Rebmann, ambaye tarehe 11 Mei 1848 aliona weupe juu ya mlima huo. Alipomwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, kiongozi hakuwa na jina la kukipa ila "beredi", yaani baridi. Huko London mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye hakupata kukanyaga nchi hizi, alishikilia kwa miaka mingi kwamba hapawezi kuwa na theluji karibu na ikweta. Hata mwaka 1862 Karl Klaus von der Decken na Otto Kersten walipopanda mlima huo na kuangukiwa na theluji usiku, Cooley hakuridhika. Jibu la kiongozi wa Rebmann hutajwa mara nyingi kama ushahidi wa umaskini wa msamiati. Mimi naliona kuwa jibu la mtu mwenye akili. Hakuwa na haja ya kuainisha dutu. Alikuwa na haja ya kumwonya mgeni wake. Alikiita kitu kwa jina la kile kinachomfanyia binadamu. Nitairudia njia hii ya kutaja mambo.

Zaidi ya theluji na barafu tunayo mvua ya mawe, iliyo wazi na inayoeleweka na kila mtu. Tunayo pia jalidi, ambayo ni Kiarabu tena, na sakitu, yote mawili yakiwa na maana ya umande ulioganda. Haya mawili yamo katika kamusi, lakini hayamo vinywani. Niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza, wengi wao watu wa bara na baadhi yao watoto wa wakulima wa chai, neno la Kiswahili kwa ule weupe wa alfajiri unaounguza majani. Wengi walisema barafu. Wachache walisema "baridi", kama kiongozi wa Rebmann. Mmoja alisema "umande mbaya", na ninakiri kwamba nilitamani jibu lake liwe ndilo sahihi.

Sasa niruhusiwe kuihama Kericho kwa muda, kwa sababu namna ya kulitatua jambo hili niliijifunza mahali penye theluji. Nilisomea shahada ya uzamili Bayreuth, kusini mwa Ujerumani. Si mbali na mji huo iko milima ya Fichtelgebirge, na mlima mmojawapo, Ochsenkopf, wenye urefu wa mita 1,024, una miteremko ya watu kuteleza kwa skii. Mlima huo, kwa kipimo chetu, ni bonde: Chepseon ipo juu zaidi ya mita 2,000 na hatujawahi kuuita mlima. Lakini wakati wa majira ya baridi wenyeji wa kule hutoa kila siku taarifa ya theluji, na taarifa hizo nilizisoma kwa shauku kuliko vitabu vingine nilivyotakiwa kuvisoma, ingawa skii zenyewe nilizivaa mara moja tu na kuzivua kwa aibu.

Taarifa ya namna hiyo haina maneno mengi. Hutaja kina cha theluji kwa sentimita, chini bondeni na juu kileleni mbali mbali. Hutaja tarehe ambayo theluji iliangukia mara ya mwisho. Hutaja miteremko iliyofunguliwa. Kisha hutaja aina ya theluji, na hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kusimama. Ikiwa ni kavu na nyepesi huitwa kwa neno lenye maana ya unga. Ikiwa jua limeiyeyusha juu na usiku ukaigandisha tena, ikapata ngozi ngumu inayovunjika chini ya mguu, huitwa Harsch. Tungeweza kuiita theluji ya gamba. Ile iliyolowa mchana na kuwa mithili ya uji huitwa Sulz. Iko na iitwayo Firn, ambayo asili yake ni neno la kale lenye maana ya "mwaka uliopita", yaani theluji iliyookoka kiangazi. Katika milima mikubwa ya Alps huongezwa daraja la hatari ya maporomoko ya theluji, kuanzia 1 hadi 5. Kipimo hicho kiliafikiwa na nchi za Ulaya mwaka 1993, kwa kuwa hapo awali kila nchi ilikuwa na kipimo chake na mtu akivuka mpaka hakujua kama "wastani" wa upande huu ni "wastani" wa upande ule.

Msomaji asidhani kwamba ninataka kumrudisha kwenye ile ngano ya Waeskimo na mamia ya maneno yao ya theluji. Franz Boas, mwaka 1911, alitaja mashina manne tu, na hoja yake ilikuwa ya kiasi. Waliomfuata ndio walioongeza idadi kila walipoisimulia, hadi Laura Martin alipoisuta hadithi hiyo katika makala ya mwaka 1986. Wingi wa maneno si hoja yangu. Hoja yangu ni kwamba kila neno katika taarifa ya Ochsenkopf ni amri iliyofichwa. Asomaye "gamba" hujua kwamba asiende asubuhi sana. Asomaye "uji" hujua arudi kabla ya alasiri. Anayeteleza masafa marefu hujua pia nta ipi ya kupaka chini ya skii zake, kwa kuwa nta ifaayo theluji ya unga haifai theluji iliyolowa, na mwenye kukosea ama hunata ama hurudi nyuma penye kilima.

Jambo hili la nta si geni kwetu kama linavyoweza kuonekana. Mwaka 1998, katika michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi iliyofanyika Nagano, Japani, Philip Boit, Mkalenjin aliyekuwa mkimbiaji wa mbio za kati na aliyeiona theluji kwa mara ya kwanza Finland miaka miwili tu kabla ya hapo, aliiwakilisha Kenya katika mbio za skii za kilomita 10. Alitoka wa mwisho, wa 92, kwa dakika 47 na sekunde 25, dakika 20 nyuma ya mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway. Na Dæhlie alimngojea mwishoni mwa njia ili amkumbatie. Boit baadaye alimpa mwanawe jina la Dæhlie. Katika nchi ambamo mtoto huitwa Kiprop au Cherop kwa kuwa alizaliwa mvua ikinyesha, kumpa mtoto jina la theluji kwa njia hiyo ya mzunguko ni jambo linaloeleweka. Hata hivyo, kwa Kiswahili habari za Boit zilihitaji maneno ambayo hatukuwa nayo, na waliozisimulia walisema tu kwamba aliteleza "kwenye barafu". Atelezaye kwenye barafu huvaa viatu vyenye makali na huzunguka uwanjani. Huo ni mchezo mwingine kabisa.

Turudi Kericho, ambako hakuna anayeteleza kwa hiari. Kwa nini mawe ya mvua yanyeshe sana huku na yawe nadra Mombasa? Katika nchi za ikweta hewa hufikia nyuzi sifuri katika urefu wa kati ya mita 4,500 na 5,000 juu ya usawa wa bahari. Jiwe linalotoka katika baridi hiyo likielekea Mombasa lina safari ya zaidi ya kilomita nne na nusu katika hewa ya joto, nalo huyeyuka njiani na kufika likiwa tone kubwa la mvua. Likielekea Chepseon lina safari isiyofika kilomita tatu. Ongeza hapo upepo wa unyevu utokao Ziwa Viktoria, unaopanda miinuko na kukutana na pepo za mashariki wakati wa alasiri, na utapata mawingu ya ngurumo karibu kila siku katika majira yake. Iko miaka ambayo siku za mvua ya mawe katika nchi hii ya chai zimehesabiwa kuwa zaidi ya mia moja, na kwa sababu hiyo Kericho na vilima vya Nandi hutajwa miongoni mwa sehemu zinazopigwa na mawe mara nyingi kuliko zote duniani. Lugha iliyokulia pwani haikuwa na sababu ya kulishughulikia jambo hili kwa undani. Sisi tunayo.

Hasara yake inafahamika kwa kila aliyelelewa na chai. Kinachochumwa ni majani mawili machanga na chipukizi lake. Mawe ya dakika kumi huyararua yote, na mche hukaa majuma kadhaa kabla haujatoa machipukizi mengine. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Pasipo jani hapana kilo.

Katika miaka ya 1960 makampuni yenye mashamba makubwa yalijaribu kuyapiga mawingu kwa maroketi, na baadaye kwa ndege zilizonyunyiza iodidi ya fedha, ili mawe yawe madogo au yayeyuke kabla ya kufika. Wazee wa kwetu bado husimulia ngurumo za maroketi hayo kwa kicheko. Wataalamu walihitilafiana kuhusu faida yake. Lakini uchunguzi uliofuata ulileta jambo la ajabu. Russell Schnell na mwenzake, katika makala ya mwaka 1982, walionyesha kwamba takataka za majani ya chai zinazooza chini ya miche ya Kericho zina chembe zenye uwezo mkubwa wa kugandisha maji, kiasi kwamba maji huganda katika nyuzi chache tu chini ya sifuri, wakati ambapo bila ya chembe kama hizo tone dogo la wingu huweza kubaki maji katika baridi kali zaidi. Wachumaji wapitapo huzitimua, na upepo huzipandisha. Bakteria wenye uwezo wa namna hiyo, Pseudomonas syringae, ndio hao hao ambao protini yao huuzwa kwa jina la Snomax na kutiwa katika mitambo ya kutengenezea theluji kwenye miteremko ya skii, pale ambapo mbingu imewanyima wenyeji theluji ya asili. Kiumbe kile kile basi hutafutwa kwa fedha Ulaya na Marekani, na huogopwa Kericho. Tena bakteria hao hao husaidia jalidi kuganda juu ya jani. Ningependa mwalimu wa sayansi aweze kuyaeleza haya kwa Kiswahili bila kujikwaa. Kwa sasa atalitumia neno "barafu" mara tano katika sentensi moja, kwa maana tano.

Utata huu ulionekana hadharani mapema mwezi wa Septemba 2008, mlima mmoja wa Busara, karibu na Nyahururu, ulipofunikwa na weupe. Watu walikwenda kwa mamia kuutazama, wengine wakautia mdomoni. Wapo waliosema theluji imeanguka Kenya, na wapo waliosema barafu. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kuwa yalikuwa mawe ya mvua, madogo na mengi mno, yaliyoshikamana baada ya kuanguka yakawa tandiko moja. Watu walibishana kana kwamba mabishano ni juu ya kitu, hali yalikuwa juu ya jina. Mwenye shamba chini ya tandiko lile hakupata faida yoyote ya kuambiwa kwamba ameona theluji.

Kwa upande mwingine, Januari 2012 chai ya Kericho, ya Nandi na ya sehemu za Bomet ilipigwa na jalidi kali, na majani yakakauka mashamba kwa mashamba. Hilo halikuwa na wingu wala ngurumo. Na hapa ndipo kiini cha makala haya kilipo. Mvua ya mawe na jalidi ni vitu vinavyopingana kwa dalili zake zote. Ya kwanza hutoka kwenye wingu zito, wakati wa alasiri, nayo hupiga kilima na bonde bila ya kuchagua. Ya pili hutaka mbingu wazi, usiku uliotulia bila upepo, nayo hukaa mabondeni, kwa kuwa hewa baridi ni nzito na hutiririka chini kama maji. Anayeogopa mawe hutazama juu mchana. Anayeogopa jalidi hutazama nyota jioni, na kama ana majani yaliyokomaa bondeni huyachuma kabla ya giza na kuyafikisha kituo cha kununulia. Neno moja likitumika kwa yote mawili, msikilizaji mwerevu atafanya kinyume cha lile linalompasa, kama alivyofanya jirani yetu. Na alifanya hivyo kwa sababu ni mwerevu: mjinga asingetoka nje kutazama mawingu.

Napendekeza basi kwamba katika utabiri wa hewa tuache kabisa kutumia neno barafu kwa kitu chochote kitokacho angani. Libaki kuwa jina la maji yaliyoganda yakawa kitu kigumu, iwe katika friji, iwe juu ya mlima. Theluji ibaki kwa kile kiangukacho juu ya Mlima Kenya, Kilimanjaro na Ruwenzori, na huko ughaibuni. Mvua ya mawe isiguswe, imekamilika. Ama jalidi, ni lazima ifufuliwe. Naichagua badala ya sakitu kwa sababu isiyo ya kitaalamu sana: jalidi inamkumbusha msikilizaji neno jeledi, na ngozi ngumu juu ya jani ni taswira isiyo mbali na ukweli. Asili za maneno hayo zina njia zake, na sitaki nishtakiwe kwa kuzichanganya.

Lakini jina peke yake halitoshi. Kitenzi ndicho kinachofanya kazi kubwa zaidi. Theluji huanguka, mvua ya mawe hunyesha au hupiga, jalidi huganda. Mtangazaji akisema "jalidi itaganda juu ya majani", hata asiyelijua neno jalidi ataelewa kwamba asitafute wingu. Kosa la mtangazaji wetu lilikuwa kusema "barafu inatarajiwa", kwa sababu kitenzi hicho hakisemi kitu kitatokea wapi wala kwa njia gani. Tazama jinsi "inatarajiwa" ilivyoenea katika taarifa zetu za hewa: mvua inatarajiwa, jua linatarajiwa, ukungu unatarajiwa. Kutarajia kwa asili yake kuna tumaini ndani yake. Hakuna mkulima anayetarajia mawe.

Hapo ndipo tunapofikia suala la yakini. Kiswahili kina ngazi nzuri za shaka: huenda, yamkini, labda, hapana budi, bila shaka, kina na hali ya -nge-. Taarifa za hewa haziitumii ngazi hiyo, na wakati mwingine huweka mahali pake asilimia iliyoletwa kama ilivyo kutoka Kiingereza. "Uwezekano wa asilimia 30" humwambia nini mzee wa Chepseon? Wengine niliowauliza walidhani ni asilimia 30 ya shamba itakayopigwa. Wengine, kwamba mvua itanyesha kwa theluthi moja ya siku. Kadhalika makongamano ya utabiri wa majira kwa nchi za Pembe ya Afrika, yanayofanyika tangu 1998, hutoa ramani za mvua iliyo juu ya kawaida, ya kawaida, na chini ya kawaida. Katika Kiswahili cha kila siku "si ya kawaida" ni kitu cha kutisha. Mwenye kusikia mvua "juu ya kawaida" huogopa gharika, ilhali ramani ilisema tu kwamba nafasi imeegemea upande huo. Nao wanaoendelea kusema masika na vuli katika taarifa za Kericho, mahali ambapo mvua hunyesha karibu miezi yote na kufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, wanatupa majira ya kaskazi na kusi tusiyoyaishi.

Neno utabiri lenyewe lina mzigo wake. Limetokana na Kiarabu taabiri, ambayo matumizi yake mojawapo ni kufasiri ndoto. Kwa hiyo mtabiri wa hewa hurithi sifa ya mfasiri wa ndoto: ama amesema kweli au ni mwongo, hana daraja la katikati. Katika nchi ya Wakipsigis urithi huo ni mzito zaidi, maana huku palikuwa na orkoiyot, mwenye kuona yajayo, na utabiri ulikuwa ni mamlaka. Serikali ya kikoloni ilijua hivyo; mwaka 1934 ilipitisha sheria mahsusi na kuwahamishia Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, watu wa ukoo wa Talai kwa sababu hiyo. Sipendekezi tuliache neno utabiri. Limekwisha kuota mizizi, na "makisio ya hewa", ambayo wenzangu fulani huyapenda, yananukia afisi ya bajeti. Nasema tu kwamba mtu anayelitumia neno lenye historia kama hiyo anawajibika kutaja kiwango cha yakini yake, la sivyo wasikilizaji watamkadiria wao.

Nilijaribu kuandika taarifa mbili kwa kanuni hizi, nikamsomea jirani yetu. Ya kwanza ni hii: "Usiku wa kuamkia kesho mbingu itakuwa wazi na upepo utatulia. Yamkini sana jalidi itaganda juu ya majani mabondeni na kando ya vijito; juu ya vilima haielekei kuganda. Mwenye majani yaliyokomaa bondeni ayachume leo kabla ya jioni." Mzee aliikubali, ingawa aliuliza jalidi ni nani. Nilipomrudishia kwenye "itaganda juu ya majani" alitikisa kichwa, akasema ni ile iliyomla Januari.

Ya pili ni hii: "Kesho kuanzia saa nane mchana mawingu ya ngurumo yatapanda kutoka upande wa ziwa. Huenda mvua ya mawe ikanyesha. Katika siku kumi zinazofanana na ya kesho, mawe hunyesha siku tatu." Hapo alinyamaza kwa muda, kisha akauliza yatapiga upande gani wa barabara, wa kwake au wa ng'ambo. Nilimweleza kwamba mvua ya mawe huweza kupita katika ukanda wenye upana wa kilomita chache tu, na kwamba hakuna chombo kinachoweza kuutaja ukanda huo tangu leo. Aliona ajabu kwamba jambo kubwa kama hilo limeachwa nje ya taarifa, akanitaka niliongeze. Nimeliongeza mwishoni: "Ukanda utakaopigwa utakuwa mwembamba, na hauwezi kujulikana kabla ya mawingu kukusanyika."